Kifurushi Kimya na Dizeli ya Masanja

Vijana mnaotengeneza kompyuta pale Shinyanga mjini mmeniomba niandike nilichojifunza. Mtanivumilia. Mimi niliishia darasa la saba kule Mhunze, na tangu hapo mkono wangu huandika polepole, kama mtu anayevuka mto akihesabu mawe. Lakini kazi ya kompyuta niliifanya mpaka macho yalipogoma, na sioni aibu kusema niliifanya vizuri. Kama majivuno yatanitoka humu ndani, yaacheni yatoke. Nimeyalipia.

Siku hizi mnasema kusakinisha. Sisi tulisema kusimika programu, kama mtu anayesimika nguzo. Na kazi iliyonipa jina ni ya vifurushi vilivyokataa kusimika kitu. Si vile vinavyopiga kelele na kuandika maneno mekundu. Hivyo kila mtu anaviweza. Nasema vile vya kimya.

Kifurushi kimya ni hivi: unampelekea mtu disketi, anaiingiza, anaandika neno moja, kisha programu inajipanga yenyewe bila kumuuliza swali lolote. Tulivipenda kwa sababu wateja wetu walikuwa mbali. Kulikuwa na kiwanda cha pamba huko Kishapu, misheni ya Ushirombo, na migodi ya upande wa Geita. Kompyuta ikimuuliza karani wa huko swali la Kiingereza, yeye hubonyeza chochote alimradi swali liondoke. Kwa hiyo tukaona bora isiulize. Lakini kitu kisichouliza hakisemi pia kikiumia. Mtoto anayelia utajua anaumwa wapi. Asiyelia ndiye wa kumwangalia usiku na mchana.

Aliyenifundisha haya ni Dada Salma. Alikuwa mwenyeji wa Tabora, alisomea kompyuta Dar es Salaam, na mzee Hasmukh alimwajiri aendeshe chumba cha nyuma cha duka lake, nyuma ya rafu za madaftari na mihuri. Mimi niliingia pale kufagia na kubeba maboksi. Nilikuwa na haya kiasi kwamba mteja akiniuliza kitu nilijibu nikiitazama kompyuta, hata kama haijawashwa. Salma aliniambia, "Ngassa, wewe unaongea na mashine vizuri kuliko watu. Njoo huku basi, nikutumie." Ndivyo nilivyoajiriwa. Hapakuwa na mahojiano mengine.

Somo la kwanza alinipa kwa hasara yake mwenyewe. Alikuwa amemtengenezea mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi pale mjini programu ya bidhaa, akaituma kwa kifurushi kimya. Kompyuta ya Salma ilikuwa na diski mbili, C na D, na kifurushi kiliagizwa kuweka mafaili D. Ya mfanyabiashara ilikuwa na C peke yake. Disketi ikaingia, ikanguruma kidogo, ikanyamaza, yule bwana akafurahi. Keshoye akaja dukani akiwa na disketi mkononi, akaiweka mezani kama anarudisha samaki aliyeoza.

"Bhai," akamwambia mzee Hasmukh, "programu yako imekuja kwangu, imekunywa chai, imeondoka. Haikulala hata siku moja."

Mzee Hasmukh alicheka mpaka akakohoa. Salma hakucheka. Aliniita nyuma akaniambia maneno ninayoyarudia mpaka leo: "Usimuulize mgeni kama amefika. Nenda ukaangalie nyumba kama imempokea." Maana yake, usisome kifurushi kilisema nini. Fungua folda, tazama faili lipo au halipo, lina ukubwa gani, na ni la tarehe na saa ngapi. Vitu hivyo vitatu vimeniokoa mara nyingi kuliko vitabu.

Viko vingine nilivijifunza kwa kuungua. Disketi hazipendi kusafiri juu ya injini ya basi. Kondakta anayekuambia "naiweka mahali salama" anamaanisha pale pale juu ya injini, pamoja na vifaranga. Kabla hujalaumu kifurushi, angalia nafasi, kwa maana diski iliyojaa haisemi imejaa. Na jiulize kila mara kifurushi kilizaliwa wapi, kwa maana hubeba tabia za kompyuta kilikozaliwa. Hili la mwisho ndilo lililotupeleka kwa Masanja.

Masanja alikuwa karani wa mafuta katika mgodi mmoja wa ukanda wa Geita, mgodi wa kati, si mkubwa, miaka ya mwisho ya tisini. Alikuwa Msukuma wa makamo, mpole, mrefu kuliko mlango wa kibanda chake, na watu wa kambini walimwita Baba Kulwa. Kazi yake ilikuwa kupokea dizeli kutoka kwenye malori na kuigawa kwa mitambo na jenereta. Kila lori likimimina, alitumbukiza fimbo ndefu ndani ya tangi, akasoma sentimita, akaziandika kwenye kompyuta. Programu yetu ilikuwa na jedwali la kugeuza sentimita kuwa lita.

Sasa mgodi ukabadilisha tangi. Wakaleta jipya, nene kuliko la kwanza. Mnajua wenyewe: mimina ndoo moja ya maji kwenye sufuria pana na kwenye jagi jembamba, uone maji yatapanda wapi. Dizeli ile ile katika tangi nene ilipanda sentimita chache, na jedwali la zamani likasema lita chache. Kila lori likifika, kompyuta ilisema sehemu ya mzigo haikuingia. Na nje ya uzio wa mgodi kulikuwa na wachimbaji wadogo, wanaapolo, wenye mashine za kuvuta maji mashimoni na kiu ya dizeli isiyoisha. Watu hawakuhitaji kufikiri sana. Wakasema Masanja anauza.

Salma alipoambiwa kwa simu habari za tangi, alitengeneza jedwali jipya, akalituma kwa kifurushi kimya na basi. Masanja akaiingiza disketi mbele ya mashahidi. Ikanguruma, ikanyamaza. Lori lililofuata likamimina, na kompyuta ikasema vile vile: mafuta yamepungua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya disketi, Masanja angeweza kusema programu ina kosa. Baada ya disketi, kila mtu alisema programu imeshatengenezwa na wenyewe, kwa hiyo kilichobaki ni wizi. Kifurushi chetu kilikuwa kimemtolea ushahidi wa uongo. Salma alipokata simu akasema, "Ngassa, chukua begi. Tunaenda kumtoa mtu kwenye mdomo wa mamba tuliyemfuga wenyewe."

Tulipitia Kahama na Ushirombo, vumbi likitupaka rangi moja sote, tukalala Geita, asubuhi tukapanda gari la mgodi. Kambini tulipokelewa na mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Temu, mtu msafi mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Nyie ndio wenye programu? Sikilizeni. Lori linakuja leo alasiri. Likimimina na mafuta yakapungua tena, huyu karani ataondoka humu na gari la polisi. Na jambo la pili: kibodi ya kibanda cha mafuta haitaguswa na yeye wala na nyie. Nataka disketi ifanye kazi yenyewe mbele yangu. Sitaki kusikia baadaye kwamba mafundi na karani walipika namba."

Masanja alisimama pembeni, kofia mkononi. Salma akamsalimia. Akajibu kwa adabu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu, Kulwa na Doto wanafanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu. Naomba wasiufanye wakiwa watoto wa mwizi."

Akarudi pembeni. Nami nilisikia haya yangu yote ikigeuka kuwa kitu kingine ambacho sikukijua jina.

Salma alianza kwa kuuliza, si kwa kutengeneza. Akamuuliza Masanja anafanya nini kila asubuhi. Masanja akaeleza: anafika saa moja, anawasha, programu inafungua siku. Salma akajipiga paji la uso. Alikuwa amekumbuka kwamba programu inapofungua siku, huhifadhi upya jedwali la tangi. Kwa hiyo kila asubuhi jedwali la zamani linapata saa mpya. Na kifurushi chetu kilikuwa na sheria moja nzuri ndani yake: kamwe kisiweke faili la zamani juu ya faili jipya zaidi. Jedwali lililotoka Shinyanga lilikuwa limezaliwa siku kadhaa nyuma. Kifurushi kilipofika kikaona jedwali la asubuhi ile, kikasema huyu ni mdogo kuliko mimi, nisimguse. Kisha kikanyamaza.

"Basi ni rahisi," Salma akasema. "Leo jedwali la kibandani limehifadhiwa saa moja asubuhi. Tukihifadhi la kwetu sasa hivi, litakuwa jipya kuliko lile. Tunatengeneza kifurushi hapa hapa."

Tukaenda ofisi kuu ya kambi, kwa mhazili Mama Zawadi, ambaye alitupatia kompyuta yake baada ya kutufutisha viatu. Salma akahifadhi jedwali upya, akafunga kifurushi, mimi nikaandika lebo ya disketi. Nilikuwa na desturi ya kuandika kwenye lebo saa inayoonekana kwenye kioo. Nikaandika polepole: 4:10. Salma akatazama saa yake ya mkononi. Mimi nikatazama jua. Saa nne na dakika kumi. Tukatoka tukiwa na furaha.

Kibandani Bwana Temu mwenyewe akaiingiza disketi, akaandika lile neno moja. Ikanguruma. Ikanyamaza. Salma hakumpongeza mtu. Akamwomba Bwana Temu aandike sentimita za asubuhi ile aone lita ngapi.

Lita zilikuwa zile zile za zamani.

Nawaambia, vijana, hakuna kimya kibaya kama kile. Masanja alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Mmeona wenyewe," Bwana Temu akasema, wala hakusema kwa ukali.

"Tumeona kwamba halijaingia," Salma akajibu. "Bwana Mkaguzi, wewe ndiye mwenye kibodi. Nikusomee herufi chache, utazame mafaili yote mawili? La kwenye disketi liko wazi ndani yake, na la humu. Kutazama si kupika."

Bwana Temu akakubali. Akaandika herufi moja moja kwa kidole kimoja, akasogeza uso kwenye kioo. "La kwenye disketi ni la leo. Saa... nne na dakika kumi. Kuna herufi ndogo mbele, a. La humu ndani nalo ni la leo." Akapangusa kioo. "Saa saba na dakika tano."

"Saa ngapi?" Masanja akauliza kutoka mlangoni.

"Saba na dakika tano."

"Saba ya wapi, baba? Sasa hivi ni saa tano kasoro. Hata uji wa saa nne haujashuka tumboni. Hilo faili limetoka kesho?"

Dereva mmoja aliyekuwa anasubiri dizeli akadakia, "Wasukuma mnaroga mpaka kompyuta!"

"Nyamaza, wewe, foleni yako iko nyuma," Masanja akamjibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiwa karani.

Salma alikuwa amesimama na macho yake hayatazami kitu. "Saa saba kwa kompyuta," akasema taratibu, "ni saa moja yetu ya asubuhi. Hiyo ni sawa. Masanja aliwasha saa moja. Kompyuta zinahesabu kuanzia usiku wa manane."

Mimi nikamgusa mkono wa gauni. "Dada. Kule ofisini kompyuta iliandika nne."

"Si ndiyo ilikuwa saa nne?"

"Ndiyo, dada. Ilikuwa saa nne. Na iliandika nne."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyepata mzigo wake uliopotea, ukiwa mgongoni. "Ilitakiwa iandike kumi!"

Tulikimbia mpaka ofisini. Mama Zawadi alikuwa anapiga chapa barua.

"Mama Zawadi, samahani, nani alirekebisha saa ya kompyuta hii?"

"Mimi," akasema, na kifua chake kikapanda kwa fahari. "Ilikuja imeharibika. Nafika saa mbili asubuhi, yenyewe inasema nane. Nakwenda kula saa saba, yenyewe inasema moja. Hawa wageni wanaoleta mashine hawaangalii saa? Nikaitengeneza. Tangu siku hiyo haijakosea hata dakika."

Na ukweli ni kwamba haikuwa imekosea. Ilikuwa sawa kwa Mama Zawadi, sawa kwa Salma, sawa kwangu. Saa ya mkononi ya Salma ilikuwa na mshale kwenye kumi, lakini ni nani kati yetu anayetazama kumi akasoma kumi? Macho huona kumi, kichwa husema nne, na kioo nacho kilisema nne. Mgeni angelishtuka mara moja. Sisi hatukushtuka kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutushtua. Jedwali letu la saa nne likakutana na jedwali la kibandani la saa saba, kifurushi kikahesabu kama mashine inavyohesabu, kikaona letu ni la zamani. Sheria ile ile nzuri. Kikanyamaza.

Sijawahi kumlaumu Mama Zawadi, nanyi msimlaumu. Katika kazi yetu makosa mabaya hayatoki kwa wazembe. Hutoka kwa mtu makini aliyetengeneza jambo moja vizuri bila kujua kuna jingine limeegemea hapo. Ndiyo maana ukifika mahali, kabla ya kuuliza kilichoharibika, uliza kilichotengenezwa, na nani, kwa nia gani. Mtu hatakuambia alichoharibu, ila alichotengeneza atakusimulia kwa furaha.

Tulimwomba ruhusa turudishe saa ya kompyuta. Alikubali kwa sharti kwamba tumwandikie kwenye karatasi kwamba si yeye aliyeiharibu tena. Salma akaniambia niandike mimi. Kisha tukahifadhi jedwali upya, tukafunga kifurushi upya. Safari hii Salma aliniachia kiti.

"Funga wewe," akasema. "Kila hatua unaiweza."

Nikakaa, nikakifunga. Ndicho kifurushi changu cha kwanza. Nimefunga vingine vingi, vya mabenki na vya hospitali, na hakuna nilichokifunga kwa kubana pumzi kama kile.

Tuliporudi, Salma alimweleza Bwana Temu yote, habari ya saa na habari ya sheria. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana.

"Kama mmeshajua tatizo, ningeweza kunakili hilo jedwali kwa mkono?"

"Ungeweza, bwana. Nikusomee herufi?"

Akafikiri. "Hapana. Nikinakili mimi, kesi inakuwa yangu. Disketi ifanye."

Akaiingiza. Ikanguruma, na nikaona ngurumo yake imekuwa ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Ikanyamaza. Bwana Temu, bila kuambiwa, akaandika zile herufi za kutazama mafaili. Nilimpenda hapo hapo. Alikuwa amejifunza kutomuuliza mgeni kama amefika.

"Saa sita kasoro kwa saa yetu," akasoma. "Limebadilika. Na ukubwa wake pia si ule."

Hatukushangilia. Lori lilikuwa bado.

Lilifika alasiri, likapaki, likaunganisha mpira. Wakati linamimina, madereva walikusanyika, wapishi wakatoka jikoni, hata Mama Zawadi akaja na kanga begani. Kwa kawaida hakuna mtu anayetazama dizeli ikimiminwa. Mpira ulipotolewa, Masanja alichukua fimbo ya kupimia, akaipangusa kwa kitambaa, lakini hakuitumbukiza. Alimnyooshea Bwana Temu kwa mikono miwili.

"Pima wewe, baba. Mkono wangu usije ukasemwa."

Bwana Temu akavua koti lake safi, akapanda ngazi. Akatumbukiza fimbo, akaivuta, akasoma sentimita kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Akashuka, akaenda kuziandika mwenyewe kwa kidole chake kimoja. Sisi tulibaki nje. Mlangoni tuliona mgongo wake tu. Akalinganisha na hati ya lori. Akalinganisha mara ya pili.

Alipotoka, dizeli ilikuwa imemchafua mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Alimtazama Masanja, akasema maneno mawili.

"Imetimia. Yote."

Masanja alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," kisha akatugeukia sisi, "Wabeja, binti yangu. Wabeja, Ngassa." Ni mara ya kwanza mtu nisiyemjua kunishukuru kwa jina, na sikutazama pembeni. Nilimtazama usoni.

Watu wameniuliza katika maisha yangu nilitengeneza nini, maana fundi wa magari anaonyesha gari na seremala anaonyesha meza. Mimi nina mtu mmoja mrefu aliyebaki kwenye kibanda chake cha mafuta, na watoto mapacha waliofanya mtihani wao wakiwa watoto wa karani. Kwangu hiyo inatosha kuonyesha.

Masanja hakujua afanye nini na mikono yake. Akavaa kofia, akauliza, "Sasa, Bwana Mkaguzi, niendelee kusubiri lile gari la polisi, au?"

Bwana Temu alikuwa anajifuta dizeli kwa leso. Hakuinua kichwa. "Unasubiri nini, Baba Kulwa? Huoni pampu ina foleni?"

Masanja akainama kuupita mlango wa kibanda, akatoka na ufunguo wa pampu, akawageukia madereva kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwenye mashimo ya wanaapolo:

"Haya! Nani wa kwanza?"